Fundi kapandisha bati jipya juu ya bovu, anasema "nimebadilisha": Kiswahili kinamruhusu?

Swali la leo limetoka Ujiji, nimelifupisha kidogo ila maneno ni ya mwenyewe:

"Shikamoo mwalimu. Marehemu baba aliniachia Peugeot 404 ya mwaka 1967, imekaa chini ya mwembe miaka mingi, sasa naifufua. Chini ya milango na sakafuni bati limeoza, nikamwambia fundi abadilishe, tukapatana bei. Juzi naenda kuangalia kumbe kachukua bati jipya kalipandisha juu ya lile bovu, kachomelea pembeni, kapiga puti na rangi juu. Namuuliza ananijibu 'kaka mi nimebadilisha, la zamani we unaliona?' Kweli kubadilisha ndo huko? Afu binti yangu yuko darasa la sita ananikosoa, anasema mwalimu wao kawaambia chuma hakiozi, chuma kinashika kutu, kwa hiyo nisiseme bati limeoza. Naomba msaada wako."

Marahaba ndugu yangu, na pole na kazi ya gari. Maswali yako mawili ni mazuri na yanashikana, maana ukishajua bati lako liko kwenye hali gani ndo unajua fundi alitakiwa afanye nini. Ngoja nianze na hilo la kubadilisha, hela imeshatoka hapo.

Neno badili na neno badala ni ndugu, yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, na wazo lililoko ndani ni kimoja kuondoka na kingine kukaa pale pale kilipokuwa. Ila mi sipendi kumaliza swali kwa mzizi peke yake, maneno yanahama, kwa hiyo tuangalie watu wanavyosema kila siku. Mtu akisema "nimebadilisha nguo" unajua kavua zile za mwanzo, hakuna anayevaa shati safi juu ya chafu akasema kabadilisha, huyo kavaa mbili. Kubadilisha tairi, unalifungua bovu unafunga zima. Kubadilisha balbu hivyo hivyo. Nenda mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma asubuhi ukae na mafundi wa maboti, utasikia wanavyotenganisha: boti likivuja kwenye maungio fundi anatia kalafati, anashindilia pamba katikati ya mbao basi, hapo hasemi kabadilisha kitu. Akisema "ubao huu nimeubadilisha" ina maana ule uliooza uko chini kwenye mchanga, unaweza ukaupiga teke. Hao wanafanya kazi kwa Kiswahili siku nzima na sijawahi kusikia hata mmoja anachanganya.

Lakini fundi wako ana mguu mmoja wa kusimamia, na lazima nimtendee haki. Tunasema pia "kubadilisha rangi ya nyumba", na pale rangi ya zamani haitolewi yote, ya kijani inapakwa juu ya nyeupe na nyumba imebadilishwa rangi, wala hakuna anayebisha. Kubadilisha jina, kubadilisha sura, kubadilisha tabia, yote hayo kitu chenyewe kinabaki, kinachogeuka ni sifa yake. Kwa hiyo kitenzi hiki kinachukua maana kwa kinachobadilishwa: ikiwa ni kitu kinachovuliwa, kinachofunguliwa, kinachokatwa, basi kubadilisha ni cha zamani kutoka, na ikiwa ni sifa au mwonekano basi kinaweza kubaki chini. Sasa swali linakuwa hivi, bati la gari ni kama tairi au ni kama rangi?

Ni kama tairi. Hapo sina wasiwasi kabisa. Na kwenye hiyo 404 yako ndo zaidi, maana gari dogo lile halina chesisi, ile fremu ya chini, ya kusimama peke yake kama Land Rover za zamani, bodi yenyewe ndo inabeba kila kitu, na ile boksi ndefu ya chini ya milango, pale unapokanyaga ukipanda, ndo kama boriti ya nyumba. Hicho ni kiungo, huwezi kukihesabu kama pambo. Aliyepandisha bati juu ya boksi iliyooza kabadilisha mwonekano wa gari, na kama mngepatana "badilisha mwonekano" angekuwa sawa, ila mlipatana bati. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba Kiswahili hakimruhusu. Alichofanya kina majina yake: kafunika, kapandisha, kapiga kiraka juu.

Na hapo kwenye kiraka nisimame kidogo, watu wanalionea hili neno, ukilisema mtu anasikia wizi. Kiraka ni kipande cha kuziba mahali palipoharibika, hakuna tusi ndani yake. Mpirani mchezaji kiraka ni sifa kubwa, yule ambaye kocha anamweka beki leo na kiungo kesho na kazi inaenda. Hata kwenye magari ya zamani wanaoyajali sana wanatia viraka, gari la miaka ya sitini bati lake la dukani utalipata wapi kirahisi, unakata kipande kibovu mpaka ufike kwenye uzima, unakata kipya kwa umbo lile lile, unakikalisha kwenye tundu ukingo kwa ukingo, unachomelea kwa nukta nukta ukiruka huku na huku ili joto lisilikunje bati, unasaga na grenda, ukipitisha kiganja husikii mahali panapoungana. Hicho ni kiraka na ni kazi ya heshima. Tofauti iko kwenye kitenzi kinachokuja na kiraka, cha kukalisha ndani ya tundu au cha kupandisha juu ya uozo, na hiyo ndo ungemuuliza mapema.

Kwa nini nang'ang'ania hivi, maana mtu atasema ukishapaka rangi kuna ubaya gani. Kutu inataka chuma, maji na hewa, basi. Ukipandisha bati juu ya bati umetengeneza mfuko, unyevu unaingia katikati hautoki, na kwetu huku pwani ya Ziwa Tanganyika mvua zikianza unyevu haukosekani. Halafu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inasukuma, utaona rangi inatoa malengelenge kama mguu uliovaa kiatu kipya, ujue huko chini kazi inaendelea. Wazee walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Ukitaka kuona upande wa pili wa habari hiyo hiyo angalia MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ila kwanza wakazipaka mashine zake grisi nyingi, ikalala majini mpaka 1924 ilipoopolewa, mashine zikakutwa bado zinafaa, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka karibu nane chini ya ziwa, kilichozuia maji na hewa visiguse chuma ni grisi. Bati lako limefungiwa pamoja na maji na hewa vyote viwili.

Sasa la binti yako. Mwambie kwamba mwalimu wake hajakosea kufundisha kushika kutu, ila kusema chuma hakiozi ni kukaza kamba kupita kiasi. Hoja yake nadhani ni kwamba kuoza ni kwa vitu vilivyowahi kuwa hai, nyama, maembe, mbao. Sawa, hapo ndo neno lilipoanzia. Lakini jino je? Jino ni gumu kushinda hata mbao, na Waswahili wote tunasema jino limeoza, kwa sababu tunachotazama ni kuliwa mpaka linatoboka, ulaini hatuuhesabu. Bati linafanya vile vile. (Kuna kuoza kwingine, kwa baba kumwoza binti yake, hiyo imetoka kwenye kuoa na haina undugu na hii, nasema tu maana kuna mtu lazima ataiuliza.)

Na mafundi wanalihitaji neno hili kweli kweli, maana kwao kushika kutu na kuoza ni hali mbili na bei mbili. Wiki iliyopita nilipita gereji moja hapa Mwanga, Kigoma, nikakuta fundi bodi yuko chini ya gari na bisibisi mkononi na kijana wake anamulika tochi, nikachuchumaa nisikilize. Anagonga na mpini, bati zima linalia ti, ti, ti, akifika mahali sauti inazama, pu, hapo anageuza bisibisi anasukuma kwa ncha. Mahali pa kwanza ncha ikagoma, ikakwaruza unga wa kahawia tu, akamwambia kijana "hapa limeshika kutu, msasa na praima". Akasogea kama kiganja kimoja, ncha ikazama mpaka kwenye mpini bila yeye kutumia nguvu, vipande vikamwangukia kifuani kama maganda ya kitunguu, akasema "hapa limeoza, kata". Katikati ya hizo kuna hali wanayoita kuliwa, bati lipo ila limebaki jembamba kama karatasi, ukilibonyeza linabonyea. Limeshika kutu, limeliwa na kutu, limeoza, hiyo ni ngazi nzuri sana na sijui lugha ingefanya nini bila hilo la mwisho. Kwa hiyo baba mtu uko sahihi, na binti mpongeze kwa kusikiliza darasani.

Ila kuna neno ulilitumia kwenye ujumbe wako mrefu ambalo ningekushauri uwe nalo makini. Ulisema ulimwambia fundi "badilisha bati zima". Zima hapa linasikika kwa namna mbili, zima la lote, kama siku nzima, na zima la salama, kama mzima wa afya. Wewe ulimaanisha bati lote kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, ila fundi akisema "nakata mpaka kwenye bati zima" anamaanisha mpaka pale kutu haijafika. Ukitaka lote sema lote. Neno moja hilo linaweza kuleta ugomvi wa sentimita themanini.

Na bati lenyewe pia. Kwenye kamusi bati ni madini yale meupe mepesi kuyeyuka, pia ni lile la kuezekea, na kipande bapa cha chuma kwa usanifu ni bamba. Gerejini wote wanasema bati na mi siwezi kuwakataza, lugha ni yao na wanaelewana. Tatizo linakuja fundi asiye mwangalifu anapochukua lile la kuezekea kweli. Geji ya bati namba ikipanda ndo wembamba unavyozidi, la paa geji 30 ni kama theluthi moja ya milimita, wakati la bodi ya gari linacheza kwenye milimita 0.8 hadi 1 na boksi za chini zinaweza kuzidi hapo. Halafu la paa limepakwa zinki, ukilichomelea linatoa moshi mweupe ambao fundi akiuvuta, usiku anatetemeka kwa homa akidhani malaria. Kwa hiyo ukiandikishana taja unene kwa milimita, "bati" peke yake haitoshi.

Uliuliza pia kwa haraka haraka ni kuchomea au kuchomelea. Kuchomelea. Choma, chomea, chomelea, ni mnyambuliko ule ule wa enda, endea, endelea, au weka, wekea, wekelea: ule mrudio wa kutendea unakipa kitenzi maana yake mpya ya kukaza, kushikiza, kufanya kitu kibaki. Kuchomea mahindi ni kumchomea mtu au kuyachomea mahali, kuchomelea ni kuunga chuma kwa moto. Mtaani "kuchomea geti" utaisikia sana na hakuna anayeshindwa kuelewa, "kupiga weldingi" pia, ila kwenye maandishi weka chomelea.

Basi rudi kwa fundi kwa upole, usiende kumwita mwizi, inawezekana kabisa aliyemfundisha ndivyo alivyomwambia kubadilisha ni hivyo. Mwambie bati la juu alibandue, na safari hii acheni hilo neno kubadilisha mkaandike vitenzi vitatu ambavyo havina pa kujificha: "Kukata bati lililooza chini ya milango yote minne na sakafuni mpaka kufikia lisilo na kutu, kulitoa, na kuchomelea jipya la milimita 1 mahali pake, ukingo kwa ukingo." Ongeza na hii, "mwenye gari ataitwa aone kabla ya puti". Na kabla hajakata hizo boksi mwambie aifungie bodi vyuma vya kuishikilia milangoni, la sivyo gari litajipinda katikati na milango haitafunga tena.

Hizo 404 ndo zilizochukua mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki 1966 na 1967, na yako ni ya mwaka huo wa pili. Siku akishatoa uozo na bado hajafunga, nitumie ujumbe nishuke Ujiji nije nilione hilo tundu.