Je, AI itasukuma kesi yangu ya ajali pale Milimani?

Swali: Wakili, kesi yangu ya fidia ya ajali iko korti ya Milimani, Nairobi, toka 2020 na kila nikienda inaahirishwa. Kuna kijana wa saiba, pale tunapochapiwa karatasi, anataka elfu tano, eti AI iniandikie hoja za mwisho ndio faili isonge haraka. Nimpe?

Jibu: Usimpe, ndugu yangu. Hoja za mwisho huandikwa mashahidi wote wakishamaliza, sasa yeye anaandika nini na daktari wako hata hajasikizwa?

Hii dhana inanichosha sana, kila mtu anaamini kesi inakwama juu hakimu anafikiria polepole basi kompyuta ikimfikiria tumemaliza. Ebu angalia vile yako imekuwa ikiahirishwa: daktari hajatokea, polisi wa trafiki amehamishiwa kituo kingine, wakili wa bima anasema mteja hajampa maagizo, halafu hakimu mwenyewe anapewa transfa. AI gani itamtoa daktari kliniki imlete kortini? Mwambie wakili wako aombe samansi, yaani amri ya korti ya kumwita shahidi, ama akubaliane na upande wa bima ripoti ya daktari ipokelewe bila yeye kuitwa. Hiyo ndiyo itasukuma faili.

Sisemi AI haina kazi. Kuna makorti hakimu bado anaandika ushahidi kwa mkono, shahidi anakatizwa katikati ya sentensi, "ngoja niandike", na ukikata rufaa unangoja prosidingi, yaani kumbukumbu za kesi, zichapwe mpaka unachoka. Hapo programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi inaokoa muda kweli, bora karani aipitie, maana shahidi wa Nairobi huanza na Kiswahili akamalizia na Kiingereza na sheng katikati. Lakini Korti ya Madai Madogo, ile ya madai yasiyozidi milioni moja, ilifunguliwa Milimani 2021 kabla ChatGPT haijatoka, na siku zake 60 za kumaliza kesi zimewekwa na sheria, si AI, pamoja na kubana mambo ya kuahirisha ovyo.

Na nyinyi wengine mnaochapiwa karatasi za korti na hawa vijana, muwe macho. Mwaka 2023 kule New York mawakili wenye leseni walipeleka kortini kesi ambazo ChatGPT ilizitunga tu, hazikuwahi kuwepo, wakapigwa faini ya dola 5,000. Wewe ukipeleka za aina hiyo ni wewe utasimama mbele ya hakimu kujieleza, kijana wa saiba atakuwa ameshabadilisha laini.