Theluji Ambayo Haikuwapo: Mipaka ya Kuhariri Picha za Kilimanjaro

Miaka kadhaa iliyopita niliuza picha kubwa ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kwa nyumba moja ya wageni mjini Moshi, nayo ikatundikwa ukutani karibu na mapokezi. Nilikuwa nimeipiga mwishoni mwa Februari, asubuhi ambayo mlima ulikuwa wazi, na upande wa kusini ulionekana kama unavyoonekana siku nyingi za kiangazi: miamba ya kijivu yenye michirizi myembamba ya barafu. Nilipokaa kwenye kompyuta niliiongezea miamba ile mwangaza kidogo kidogo, nikaiondolea ukijivu wake, nikaendelea hivyo hadi karibu nusu ya kilele ikawa nyeupe. Kwa kuwa sikupachika kitu chochote kutoka picha nyingine, nilijiona sijamdanganya mtu. Siku moja mzee aliyewahi kuongoza wapandaji kwa miaka mingi alisimama mbele ya picha hiyo, akaweka kidole kwenye bega la Kibo na kuniuliza, “Mwanangu, hii umeipiga mwaka gani? Hapa si mawe matupu siku hizi?” Nilikosa jibu.

Vijana wanaoanza kupiga picha za milima huniuliza mara kwa mara ni uhariri wa kiasi gani unaozidi, na wengi wao hutarajia niwatajie namba, kwamba rangi usiikoleze kupita hapa wala mwangaza usiuongeze kupita pale. Sina namba ya kuwapa. Ninachowaambia ni kwamba mwanga wanaweza kuushughulikia kwa uhuru mkubwa, lakini mwili wa mlima, yaani mawe yake, barafu yake, umbo lake na mahali unaposimama chini ya anga, hawana ruhusa ya kuubadilisha.

Wanaodai kwamba picha halali ni ile isiyoguswa kabisa nao wamekosea. Faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaitengeneza, linapotoka kwenye kamera huwa limefifia na halifanani na kile jicho lilichokiona, ilhali simu huwa imekwisha kuihariri picha yenyewe kabla hujaitazama. Hata enzi za filamu hali ilikuwa hiyo. Ansel Adams, Mmarekani aliyepata sifa kubwa kwa picha za milima, alipopiga mwamba wa Half Dome mwaka 1927 aliweka filta nyekundu mbele ya lenzi ili anga litoke jeusi kuliko lilivyokuwa. Katika picha yake ya macheo ya Sierra Nevada ya mwaka 1944 alizifuta herufi mbili kubwa zilizokuwa zimechorwa kilimani na watu wa mji wa jirani. Kuhusu lile anga simlaumu hata kidogo. Kuhusu zile herufi nimewaza sana, na ingawa naielewa sababu yake, mimi ningeziacha.

Mwanga wenyewe pia una namna ya kuharibika. Jua linapochomoza, kilele hung'aa wakati msitu wa chini bado umo gizani, na kamera nyingi hushindwa kuvishika vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo si kosa kuinua vivuli, yaani kuyaangaza maeneo ya giza, au kuunganisha picha mbili za mwangaza tofauti. Lakini ikuze picha yako hadi ukubwa wake kamili, kisha ufuate ukingo wa Mawenzi, kile kilele cha pili chenye meno, polepole kwa jicho, jino baada ya jino. Ukiona ufito mweupe unaoandamana na mwamba, kana kwamba mtu ameuchora mlima kwa chaki na kusahau kufuta, ujue umeuvuta mwangaza mno. Itazame na theluji iliyo kivulini, ambayo kwa kawaida huwa na ubuluu hafifu unaotoka angani. Ukiusafisha wote, theluji hubaki kama karatasi iliyobandikwa. Kadhalika, vumbi la Amboseli, hifadhi ya Kenya iliyo kaskazini mwa mlima, usiliondoe lote, kwa maana ndilo linalomwonyesha mtazamaji kwamba kati ya tembo na Kibo kuna nchi pana.

Kuna wanaouvuta mlima kwenda juu ili uonekane mkali. Kilimanjaro ni mpana, na upana huo ndio ukubwa wake. Ukitaka Kibo kijaze fremu, rudi nyuma utumie lenzi ndefu, kwa sababu hayo ni maamuzi ya mahali pa kusimama na hayaongezi uongo wowote. Wengine hubadilisha anga zima. Nimeona picha zinazosemwa zimepigwa Moshi, zenye kitovu angavu cha Njia ya Maziwa, ule mkanda wa nyota angani, juu kabisa ya Kibo, jambo lisilowezekana, kwa kuwa kutoka Moshi mlima uko kaskazini na kitovu hicho hupita upande wa kusini. Anayetaka picha hiyo kwa kweli aende upande wa Amboseli, akeshe.

Yote hayo ni mepesi yakilinganishwa na barafu. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo juu ya Kibo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kabla ya mwaka 2010, na iliyobaki inaendelea kupungua. Picha tunazozipiga sasa ndizo watoto wetu watakazotumia kulinganisha, na anayepaka weupe juu ya mawe anawaharibia ushahidi, hata kama alikusudia kupamba ukuta tu. Theluji mpya ya baada ya mvua za Mei inaweza kukifunika kilele chote kwa siku chache, na picha ya siku hizo ni ya kweli kabisa, mradi tarehe iandikwe.

Siku hizi nikimaliza kuhariri huiacha picha ilale, na asubuhi naiweka kando ya faili la awali, nikihesabu michirizi ya barafu katika zote mbili. Isipolingana naanza upya. Ile ya nyumba ya wageni niliichapisha tena kwa gharama yangu kutoka faili lilelile la Februari, miamba ikiwa na ukijivu wake, na pembeni chini nikaandika siku, mwezi na mwaka.