Viini 64 vya prosesa, na hesabu ikachelewa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimehitimu uhandisi wa mitambo na ninaishi Kirumba, Mwanza. Ninataka kukokotoa jinsi maji ya ziwa yanavyoukinza mtumbwi wa mbao, hivyo nimeanza kujifunza OpenFOAM, programu ya kukokotoa mwendo wa maji na hewa, kwa zoezi lake la kwanza, lile la kisanduku cha maji chenye kifuniko kinachoteleza. Kwenye kompyuta yangu lilikwisha kwa sekunde chache. Mwalimu wangu aliponiombea ruhusa ya kutumia klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja, nililigawa kwa viini 64 vya prosesa, nalo likachukua muda mrefu zaidi. Nimekosea wapi?

Msomaji, Kirumba

JIBU: Ndugu msomaji, amri zako hazina kosa, kazi yenyewe ndiyo ndogo mno. Programu huyagawa maji katika vyumba vidogo vya hesabu, kama macho ya wavu, na wavu wa zoezi hilo una macho 20 kwa 20, yaani macho 400 tu, na ukiyagawa kwa viini 64, kila kimoja kinaambulia macho sita au saba. Kwa kuwa mgandamizo wa maji katika jicho moja hutegemea ule wa macho jirani, kila hatua ya hesabu huvilazimu viini kupeana thamani za mipakani, na penye macho sita karibu yote yako mpakani. Kwa hiyo kiini hutumia muda wake kikisubiri ujumbe badala ya kukokotoa. Kila kiini kipe angalau makumi ya maelfu ya macho. Pima kwa kiini 1, kisha 2, 4 na 8, ukiandika muda wa kila jaribio, na uishie pale ambapo kuongeza viini mara mbili hakupunguzi muda kwa kiasi cha maana. Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alikwishaonyesha mwaka 1967 kwamba, ikiwa asilimia 5 ya kazi haigawanyiki, hata viini elfu haviwezi kuiharakisha zaidi ya mara 20.

Klasta utaihitaji kwa mtumbwi. (Ziwani nyavu za macho madogo hupigwa marufuku, lakini kwenye hesabu ndizo zinazonasa mizunguko ya maji nyuma ya tezi ya mtumbwi.) Ukipunguza upana wa jicho kwa nusu katika pande zote tatu, macho huongezeka mara 8, na hatua ya muda nayo hupaswa kupungua kwa nusu ili maji yasiruke jicho zima kwa hatua moja, hivyo kazi hufikia takriban mara 16.

Hata hivyo, usiukimbilie mtumbwi. Zoezi lako lina namba ya Reynolds 10, yaani uwiano wa nguvu ya mwendo wa maji na ule mnato wake. Badili mnato kutoka 0.01 hadi 0.001 upate 100, kisha linganisha kasi za katikati ya kisanduku na majedwali ya watafiti Ghia, Ghia na Shin ya mwaka 1982, ambayo hutumika kuhakiki zoezi hili. Macho 20 kwa 20 hayatatosha. Nenda 40, kisha 80, hadi majibu yaache kubadilika. Kazi hiyo yote kompyuta yako inaimudu.

Utakaporudi kwenye klasta, usiendeshe hesabu kwenye mashine ya kuingilia, kwani wenzako wote hupitia hapo. Peleka kazi kwenye foleni, ambayo mara nyingi husimamiwa na Slurm, programu ya kupanga zamu za kazi, na uombe muda unaozidi kidogo makadirio yako, maana kazi fupi hupenyezwa kwenye nafasi zinazosubiri kazi kubwa. Kazi iliyokwisha kuingia foleni huendelea hata umeme au intaneti ikikatika huko Kirumba.