Unafuta kitasa, dirisha umelifunga: maswali yenu kuhusu hofu na kinga wakati wa janga

Wakati wa Korona nilifuta kila mfuko ulioingia ndani. Lakini ndugu wakija tulikaa sebuleni, milango imefungwa. Tukaugua wote. Nilikosea wapi?

Hofu hupenda kitu cha kushikika. Mfuko unaonekana, umetoka kwa mgeni, unaufuta na moyo unatulia. Hewa haionekani, na ndugu haogopwi. Kumbe virusi vya Korona huenea zaidi kwa pumzi: mtu akiongea au akiimba, chembe ndogo hubaki zikielea, na chumba kisichopitisha hewa huzikusanya. Kugusa vitu ni njia ndogo. Kwa hiyo fungua madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, hewa iingie huku itokee kule. Feni iweke dirishani ikitazama nje. Feni ya katikati ya chumba kilichofungwa inazungusha hewa ileile. Mikono endelea kunawa kwa sabuni, sekunde 20 kwa uchache, pamoja na vidole gumba ambavyo wengi huvisahau.

Nachanganya dawa ya madoa yenye klorini na siki ili iue zaidi. Inanichoma kifuani. Ndiyo nguvu yake?

Hapana, hiyo ni gesi ya klorini. Toka nje sasa hivi, na kifua kikiendelea kubana nenda hospitali. Klorini huchanganywa na maji baridi peke yake: kwa dawa ya asilimia 5, mililita 20 kwa lita 1 ya maji. Osha kwanza kwa sabuni na usuuze, maana uchafu huimaliza nguvu klorini. Kisha paka, iache dakika 1 au zaidi. Tengeneza mpya kila siku. Hofu ndiyo inayosema "ongeza". Nchini Iran mwaka 2020 mamia ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli, yaani spiriti yenye sumu, wengi wakiwa wamesikia uvumi kwamba pombe huzuia Korona.

Baba mkwe hataki barakoa wala chanjo. Anasema jitihada haiondoi kudura. Tunambishia kila siku, wapi!

Basi acheni kubishana. Sikilizeni anachosema: hakani kwamba ugonjwa upo, anasema juhudi haifui dafu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Marekani walijiuliza kwa nini watu hawajitokezi kupigwa picha ya kifua kuchunguzwa kifua kikuu, ilhali ni bure. Wakaona mtu hupima mambo kadhaa: mimi naweza kuugua? Nikiugua, itakuwa mbaya kiasi gani? Kinga inafaa kweli? Na nini kinanizuia? Ninyi mnamjibu swali la pili, yeye amekwama kwenye la tatu, pengine la nne.

Wewe ni mkwe, kwa hiyo mwache mwanawe aulize: "Baba, katika hii chanjo nini hasa kinakutia shaka?" Kisha anyamaze, mzee amalize. Mara nyingi nyuma ya kudura kuna jambo dogo la karibu. Miwani inajaa ukungu? Abane waya wa barakoa puani, miwani ikae juu ya kitambaa. Anaogopa homa ya chanjo? Mwambieni mapema kwamba inaweza kuja siku moja au mbili kisha ikaondoka. Ikimshtukiza ataiona ndiyo ushahidi. Ikiwa kweli ni suala la dini, atafutwe kiongozi wa dini anayemheshimu.

Nataka kubandika kazini picha za wagonjwa mahututi ili watu waogope. Itasaidia?

Inaweza kukugeukia. Mwaka 1992 mtafiti Kim Witte alieleza kwamba mtu aliyetishwa sana hujikinga akiona njia anayoiweza. Asipoiona hupigana na hofu yenyewe, akakana au akafanya mzaha. Katika Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, ujumbe wa mwanzo kwamba haina tiba uliwafanya baadhi ya watu waone hakuna haja ya kumpeleka mgonjwa kituoni.

Bandika sentensi moja ya hatari, kisha kazi ya kufanya: "Ukiamka unakohoa, usije. Mpigie msimamizi. Siku yako haikatwi." Na kama siku inakatwa, anza na mwajiri kabla ya kununua gundi.