Mbavu za nguruwe kwenye oveni: mbona zangu ni ngumu?

Wiki hii maswali yote ni ya kitu kimoja: mbavu za nguruwe zinazookwa nyumbani kwenye oveni na kumaliziwa na sosi ya nyama choma. Barua nyingine nimezifupisha, maana kuna waliosimulia hadi ugomvi wa mezani.

Dada, niliwasha oveni nyuzi 200, nikaoka saa moja na robo. Nje zikaungua, ndani nikawa kama natafuna kamba. Nilikosea wapi?

Kwenye moto. Umezioka kama mapaja ya kuku, na mbavu hazina tabia ya kuku. Nyama ya ubavu imejaa nyuzi nyeupe ngumu zinazoishikilia kwenye mfupa. Ndani ya nyuzi hizo kuna kolajeni, na kolajeni haitishwi na ukali wa moto, inataka muda. Nyama ikifika nyuzijoto 70 hivi ndani, kolajeni huanza kulegea, kisha polepole hugeuka jelatini, ule utelezi unaonata midomoni. Kazi yenyewe hukolea nyama inapokaa kati ya 85 na 95.

Sasa angalia kilichokupata. Ndani ya saa moja na robo nyama yako ilikuwa imeshaiva na imeshapoteza maji, lakini kolajeni ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kulegea. Mbavu zina kipindi hiki cha kukatisha tamaa: zimeiva, ni salama kuliwa, na hazitafuniki. Wengi huzitoa hapo wakiamini wamezipitiliza, kumbe zilibakiza saa nzima.

Safari ijayo weka oveni nyuzi 140. Paka viungo, funga ubavu ndani ya karatasi ya alumini, tabaka mbili, nyama ikitazama juu. Kama ni mbavu za mgongoni, zile fupi zilizopinda, anza kuzikagua baada ya saa mbili. Zile ndefu bapa za upande wa tumboni zina mafuta na nyuzi zaidi, zipe saa tatu, wakati mwingine tatu na nusu. Oveni yenye feni ipunguze nyuzi 15 au 20.

Kuhusu kufunga, nina neno. Ncha za mifupa hutoboa karatasi. Hutaona tundu, ila mchuzi utavujia kwenye trei na kuungua, mvuke utatoka, na ubavu utakauka huku wewe ukijua umeufunika. Kunja kingo za karatasi mara mbili na usiuburuze ubavu ukishaufunga. Ukiwa na karatasi ya kuokea, itangulize ndani kabla ya alumini. Siki na nyanya hula alumini na kuacha vidoa vya kijivu kwenye nyama.

Upande unaong'aa wa karatasi ya alumini uwe ndani au nje?

Wowote.

Kuna utando mweupe nyuma ya mbavu. Ni lazima kuutoa? Mimi hukata tamaa kila mara.

Si lazima, ila utoe. Hauyeyuki kama nyuzi za ndani ya nyama. Ukikauka unakuwa kama nailoni, na chumvi haiupenyi vizuri.

Kinachokukwamisha ni kuuanza kwa kucha, pembeni kabisa, pale ulipochanika. Laza ubavu mifupa ikiwa juu. Chukua kisu butu cha mezani, au mpini wa kijiko, ukipenyeze kati ya utando na mfupa wa pili au wa tatu kutoka mwisho. Inua taratibu mpaka kidole kipite chini yake. Kisha shika ule utando kwa karatasi kavu ya jikoni, kwa sababu una mafuta na utakuponyoka, na uvute kuelekea upande mwingine huku mkono wa pili ukikandamiza ubavu. Siku njema unatoka wote kama plasta. Siku mbaya unatoka vipande vitatu, na hakuna mlaji atakayejua.

Kabla hujahangaika, angalia vizuri. Wauza nyama wengine huwa wameshautoa. Ukiona nyama tupu kati ya mifupa, isiyo na ngozi nyembamba ya kung'aa juu yake, huna kazi.

Mama mkwe wangu huzichemsha kwanza ndipo azitie kwenye oveni. Anasema ndiyo siri ya ulaini. Ni kweli?

Ulaini ni kweli. Maji ya moto nayo hulegeza kolajeni, kwa hiyo mama hajakosea. Shida ni kwamba ladha inabaki sufuriani. Ile supu unayoimwaga ndiyo iliyokuwa nyama. Ukifunga ubavu kwenye alumini, unajichemsha kwa mvuke wake mwenyewe na kila tone linabaki humo ndani.

Usimwambie mama mkwe kwamba amekosea. Pika zako siku moja, mpe mfupa mmoja, nyamaza.

Naweza kuzilaza usiku kwenye papai au nanasi ili zilainike haraka? Au siki?

Papai na nanasi bichi vina vimeng'enya vinavyokata protini. Kwa nyama nyembamba ya kukaanga vinasaidia. Kwa ubavu unaokaa saa tatu kwenye moto mdogo vinaharibu: juu panakuwa kama uji, ndani hapajaguswa, kwa sababu havizami mbali. Siki nayo inaishia juu juu. Iache kwenye sosi, huko ina kazi.

Kinachofaa kulala na nyama usiku ni chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini kwa kila kilo, pakaa pande zote, weka kwenye friji. Chumvi inaingia ndani kweli, polepole, na inaisaidia nyama kushika maji yake. Viungo vingine vinaweza kungoja hadi asubuhi. Mimi kwa kilo moja hutumia kijiko kimoja cha chakula cha paprika, kimoja cha sukari ya kahawia, cha chai kimoja cha unga wa kitunguu saumu, nusu ya pilipili manga, nusu ya bizari nyembamba, na pilipili kali kadiri ya ujasiri wa walaji.

Sosi yangu kila mara inakuwa nyeusi na chungu. Natumia ya dukani, naipaka mwanzoni ili iingie.

Haiingii. Sosi ni nzito na imejaa sukari, inakaa juu tu ikingoja kuungua. Sukari ya kawaida huanza kugeuka karameli kwenye nyuzi 160 hivi, na ya asali inawahi zaidi. Ukiipaka mwanzoni kwenye oveni kali unaipa muda wote inaouhitaji kuwa mkaa.

Sosi ni ya mwisho. Mbavu zikishalainika, fungua karatasi kwa uangalifu, ule mvuke unachoma, na mimina mchuzi wote kwenye sufuria ndogo. Usiumwage! Engua mafuta ya juu, uchemshe mpaka upungue nusu, kisha uchanganye na sosi yako. Sosi yoyote ya chupa inapanda cheo hapo. Ukitaka ya kwako mwenyewe, kikombe kimoja cha tomato sosi, robo kikombe cha siki, vijiko viwili vya sukari ya kahawia, kimoja cha haradali, na kitunguu kidogo kilichosagwa. Chemsha dakika kumi na tano hadi iache kuteleza mgongoni mwa kijiko. Onja ndipo uongeze chumvi, maana ule mchuzi wa mbavu umeshaibeba.

Pandisha oveni hadi 200, paka tabaka jembamba, rudisha dakika nane, paka tena, dakika nane nyingine. Tabaka mbili nyembamba zinang'aa na kunata. Tabaka moja nene inabaki tope. Ukipenda zile alama nyeusi kidogo kwenye kingo, malizia na moto wa juu dakika mbili au tatu, na usiondoke hapo. Mimi niliwahi kwenda kupokea simu, simu fupi tu. Niliporudi, jiko lilikuwa limejaa moshi na ubavu wa saa tatu ulikuwa na ganda la lami.

Nilipika saa tatu, laini kabisa, lakini karibu na mfupa nyama ina rangi ya waridi. Wageni walikataa kula. Ilikuwa mbichi?

Baada ya saa tatu kwenye nyuzi 140, haikuwa mbichi. Rangi si kipimo. Ule wekundu ni wa mayoglobini, protini inayoipa nyama rangi, na karibu na mfupa rangi ya uboho huvuja ikatia doa, hasa kwa nguruwe wachanga. Kipimo ni kipimajoto. Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 2011 ilishusha kiwango cha vipande vizima vya nguruwe kutoka nyuzi 71 hadi 63, nyama ikipumzishwa dakika tatu baada ya kutoka motoni. Joto hilo linaua minyoo ya trikinela na tegu wanaowatia watu hofu. Nyama ya kusaga yenyewe ilibaki kwenye 71.

Ubavu laini umepita huko kote hadi 90 na ushee, kwa hiyo suala la usalama huwa limefungwa mapema. Chomeka kipimajoto katikati ya mifupa miwili, kisiguse mfupa, maana mfupa unadanganya. Safari ijayo wasomee wageni namba kwa sauti.

Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi, nina oveni ndogo ya mezani na ubavu mzima hauingii.

Marahaba. Ukate katikati ya mifupa, vipande viwili au vitatu, kila kimoja na karatasi yake. Hakuna unachopoteza. Angalizo ni moja: kwenye oveni ndogo waya za moto ziko karibu sana na chakula, kwa hiyo weka trei chini kabisa na ukague nusu saa mapema. Ukipata kipimajoto cha oveni cha kuning'iniza ndani, kinunue. Hata oveni kubwa hupotea nyuzi ishirini bila aibu.

Nitajuaje zimefika kama sina kipimajoto?

Kijiti cha meno. Kichomeke kati ya mifupa; kikipita kama kwenye siagi, tayari. Kikishikwa na kuvutwa, funga, rudisha dakika ishirini. Ishara nyingine ni nyama kurudi nyuma na kuacha ncha za mifupa wazi, karibu sentimita moja. Au inua ubavu kwa koleo kutoka ncha moja: ukijikunja na nyama kuanza kupasuka juu, umefika. Ukikatika vipande viwili, umepita.

Mume wangu anasema ubavu mzuri ni ule ambao mfupa unachomoka mtupu. Mimi naona hapo umeshakuwa mchuzi. Tuamue.

Majaji wa mashindano ya nyama choma huko Marekani wako upande wako. Kwao nyama inayoanguka yenyewe imepikwa kupita kiasi. Wanataka ukiing'ata, meno yaache alama safi, na iliyobaki ishike mfupa. Mimi pia ndivyo nipendavyo. Ila mezani kwenu hakuna jaji. Kata ubavu nusu kwa nusu, wa mumeo ubaki kwenye karatasi dakika thelathini zaidi, na mle mkitazamana.

Zinakosa harufu ya moshi. Naweza kutia vipande vya kuni kwenye oveni?

Hapana, tafadhali. Oveni ya ndani ya nyumba haina pa kutolea moshi huo, na moshi wa kuni una gesi ya kaboni monoksaidi inayoua kimya kimya. Tumia paprika ya moshi kwenye viungo, au matone machache ya moshi wa maji, ile ladha ya moshi ya chupa, kwenye sosi. Nimesema matone. Kijiko kizima kitakupa ladha ya kibanda kilichoungua. Ule mviringo mwekundu unaouona kwenye picha za nyama ya moshi hutaupata kwenye oveni ya umeme, na hauna ladha yoyote, kwa hiyo usiulilie.

Naweza kuzipika leo, tukala kesho?

Unaweza, na mimi ndivyo nifanyavyo nikiwa na wageni. Zipike hadi zilainike, bila sosi. Ziache zipoe, ziingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita, zikiwa ndani ya karatasi yake na mchuzi wake. Kesho yake nusu saa kwenye nyuzi 150 zikiwa zimefungwa, mpaka katikati pafike 74, kisha sosi kama nilivyoeleza. Zikiwa baridi hukatika vizuri zaidi, mfupa kwa mfupa, bila kuchanika. Kwenye friji zinakaa siku tatu au nne.

Mifupa iliyobaki nimpe mbwa?

Usimpe. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, vinaweza kumkwama kooni au kumtoboa utumbo, na sosi ina kitunguu na kitunguu saumu, ambavyo ni sumu kwake. Mfungie nje mpaka meza itolewe. Atakutazama dirishani kwa yale macho; mgeuzie mgongo.