Hiyo "300 DPI" haikuongezei picha, mzee wangu

Swali: Mimi ni mstaafu hapa Tanga, napiga picha tangu 1979, nilianza na Zenit ya filamu na sasa nina kamera ya dijitali. Nataka kutoa picha zangu za zamani kwa saizi ya A2 niziuze kama sanaa. Mpwa wangu alizipiga kwa simu zile nilizobandika kwenye albamu akanirushia WhatsApp, fundi akasema atazipandisha mpaka 300 DPI. Nimelipa, zimetoka kama zimepakwa samli. Ninunue programu gani?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Programu usinunue yoyote.

Hii habari ya DPI (nukta kwa kila inchi) naletewa karibu kila wiki na imenichosha kwelikweli. Mtu anafungua Photoshop, pale palipoandikwa 72 anaandika 300, halafu anamwambia mteja picha yako sasa ni HD lete hela. Hajaongeza kitu! Hiyo namba inaiambia printa tu piseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha, zibanane kiasi gani kwenye inchi moja, ni sawa na kuchukua mfuko wa unga wa kilo moja ukafuta ukaandika kilo tano, ugali utakaopika ni uleule. Picha ya WhatsApp iliyotumwa kawaida inabaki na piseli kama 1600 upande mrefu, na A2 ina sentimita 59.4 upande huo, kwa hiyo umepata piseli 68 hivi kwa kila inchi. Samli ndio hiyo.

Wengine watakwambia wanaongeza piseli zenyewe kwa akili bandia. Kweli zinaongezeka, ila zinabuniwa, kompyuta inakisia. Juzi nimeletewa picha ya bibi wa watu imepitishwa huko, mwanya wake umezibwa kabisa na kope kapewa mpya, mjukuu anashangaa huyu nani. Zamani tukisema kusafisha picha tulimaanisha kuitoa kwenye mkanda wa filamu, siku hizi kusafisha ni kumlainisha mtu uso mpaka vinyweleo vinaisha.

Sasa swali langu mimi, mikanda yako iko wapi? Mali yako ni ile mikanda, hizo za albamu ni nakala. Negativu, yaani picha moja ya kwenye mkanda, ya milimita 24 kwa 36 ikiskaniwa vizuri kwa piseli 4000 kila inchi unapata piseli kama 5669 kwa 3780, A3 inatoka safi na A2 ukiitazama ukiwa umesimama hatua mbili tatu haina shida, chembe za filamu zitaonekana na ziache zionekane ndio uzuri wake. Kama skana ya filamu hupati, hiyo kamera yako ya dijitali na lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) juu ya taa nyeupe iliyotulia inafanya kazi hiyo, piga faili ghafi (RAW) usipige JPEG. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako kule Mali, alijifundisha mwenyewe, akafungua studio 1948, na zile picha zake walizokuja kutundika Paris 1994 zilitoka kwenye negativu alizozitunza miaka yote. Za kwake nyingi zilikuwa sentimita 13 kwa 18 lakini, karibu mara 27 ya eneo la yako, kwa hiyo usitamani kujaza ukuta mzima.

Ukipata mikanda usiifute kwa kanga wala mate (nimeona!), ipulize vumbi taratibu, na kama ina ukungu wa huko pwani usiiguse na maji, mpe anayejua.

Halafu hawa wa mabango, kila duka siku hizi limeandika picha za sanaa mlangoni, wanakutolea kwenye turubai wanaweka fremu ya dhahabu basi. Wino wa bei rahisi ukikaa sebuleni kwenye jua unapauka, mteja aliyekununulia kwa laki mbili anarudi kwako sio kwa fundi. Ulizia wino wa pigmenti na karatasi ya pamba isiyo na asidi. Na kabla hujatoa hata mia muulize fundi faili langu lina piseli ngapi kwa ngapi, akikujibu "300 DPI" chukua flashi yako uondoke.