Kilomita hazikuambii utafika saa ngapi

Niliwahi kuachwa na ndege kwa sababu ya hesabu ya kugawanya. Nilitazama umbali kati ya viwanja viwili, nikajua ndege kubwa za abiria huenda karibu kilomita 900 kwa saa, nikagawanya. Kisha nikanunua tiketi ya pili, ya shirika jingine, ya ndege itakayoondoka saa mbili baada ya muda wangu wa kutua. Nilipofika kaunta, walikuwa wameshafunga kupokea abiria. Tiketi ikapotea hivyo hivyo, na usiku ule nikalala kwenye viti vya uwanja.

Chukua viwanja vya ndege viwili, Heathrow ya London na JFK ya New York. Kati yake kuna kilomita 5,540 hivi. Gawanya kwa 900, utapata saa 6 na dakika kama 10. Lakini ratiba huandika takriban saa 8 kwenda New York, na saa 7 hivi kurudi London.

Tofauti ya kwenda na kurudi ni kazi ya upepo. Huko juu, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, kuna mkondo wa pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati mwingine hupita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda mashariki husukumwa, anayekwenda magharibi hupambana nao.

Umbali unaoonyeshwa nao ni wa njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Ndege hukwepa dhoruba, hufuata maelekezo ya waongozaji, na huzunguka anga iliyofungwa. Tangu 2022, anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika mengi ya Ulaya, safari ya Helsinki hadi Tokyo imetoka saa 9 na ushee hadi karibu 13. Viwanja viko palepale.

Kwa hiyo amini ratiba, achana na kilomita. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili, pamoja na foleni ya kupaa. Uhamiaji na kusubiri mizigo havimo, na hapo ndipo mimi nilipopotezea dakika zangu nyingi.

Soma saa kwa makini pia. Tiketi huandika saa za mahali: ukitoka London 11:00 ukafika New York 14:00, hukusafiri saa 3 bali 8, kwa kuwa kwa kawaida New York iko nyuma kwa saa 5. Na tafadhali, ogopa sana 00:20. Hiyo ni saa sita na dakika ishirini usiku, tarehe imeshageuka. Tiketi ya tarehe 10 saa 00:20 inakutaka uwanjani jioni ya tarehe 9. Wengi hufika usiku wa tarehe 10, ndege ikiwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita.

Ukiweza, nunua safari yote kwa tiketi moja. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Zikiwa tiketi mbili, mimi siku hizi siachi chini ya saa 5 katikati. Na kama ya pili ndiyo ndege ya mwisho ya siku, natangulia jana yake.